401(k) mbili ndani ya ndoa moja: pesa zianzie wapi?

Swali
Wakuu, mke na mume wako Marekani, wote chini ya miaka 50, wanajaza kodi pamoja. Mume analipwa dola 90,000 kwa mwaka na mwajiri wake anaongeza senti 50 kwa kila dola anayoweka kwenye 401(k), yaani akiba ya kustaafu ya kazini, mwisho asilimia 6 ya mshahara. Mke analipwa 70,000. Mwajiri wake anaongeza dola kwa dola, mwisho asilimia 4, ila mifuko ya 401(k) yake inakata ada ya karibu asilimia 1. Mwaka 2026 wanaweza kuweka 20,000 kwa jumla. Wagawane nusu kwa nusu?

Jibu la 1
Nusu kwa nusu hapana. Anza na mke, na hiyo ada isikutishe: akiweka 2,800 anaongezewa 2,800. Kisha mume aweke 5,400, aongezewe 2,700. Hapo mke asimame, asitie hata senti nyingine kwenye mifuko hiyo ya ghali. Zilizobaki, 11,800, wapeleke Roth IRA, akaunti binafsi ya kustaafu ambayo pesa huingia zikiwa zimeshatozwa kodi na uzeeni hutoka bila kodi. Kila mmoja anaruhusiwa 7,500, na ruhusa huanza kupungua kipato cha wote wawili kikifika 242,000. Wako mbali sana.

Jibu la 2
Mpangilio ni sahihi, lakini hizo 11,800 ningeziweka 401(k) ya mume, upande wa kabla ya kodi (kodi hulipwa wakati wa kuzitoa). Piga hesabu: 160,000, toa michango 8,200, toa punguzo la kawaida (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi) 32,200, inabaki 119,600. Kodi ya shirikisho juu ya 100,800 ni asilimia 22, chini yake 12. Kwa hiyo 11,800 yote iko kwenye 22, na wanaokoa 2,596 mwaka huu huu. Kikomo cha mume ni 24,500, nafasi ipo tele. Roth ingeshinda kama wanatarajia kutozwa zaidi ya 22 wakishastaafu, na kwa mishahara hii sioni hivyo.

Muuliza swali
Na IRA ya kawaida je? Halafu mume anafikiria kuhama kazi.

Jibu la 3
IRA ya kawaida (unachoweka kinaweza kupunguza kipato kinachotozwa kodi, kodi huja ukikitoa) ndipo watu wanaponasa. Kwa kuwa wote wana mpango kazini (angalia kisanduku cha 13 kwenye W-2, fomu ya mshahara ya mwaka toka kwa mwajiri), punguzo la kodi huanza kupungua kwenye kipato cha 129,000 na kwisha kabisa 149,000. Wakiweka 401(k) zile 8,200 tu, wako 151,800: punguzo ni sifuri. Aliyekwisha kuweka ajaze fomu 8606, ya kuonyesha mchango usiopata punguzo, la sivyo pesa hiyo itatozwa kodi tena siku ya kuitoa.

Kuhusu kuhama: alichoweka mume ni chake daima, ila nyongeza ya mwajiri inaweza kuwa na masharti ya miaka ya utumishi. Asome kitabu cha mpango kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Akikuta anapoteza nyongeza yote, zile 5,400 hazina haraka ya kutangulia.

Na wasije wakajaza kodi kila mtu kivyake. Wakiishi pamoja, ruhusa ya Roth IRA huisha kwenye kipato cha 10,000, na kilichozidi hutozwa asilimia 6 kila mwaka mpaka kiondolewe.