Naomba ushauri: umeme ukiyumba kidogo tu, mota zote zinazima

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Mota kubwa ni ya kW 37, inawashwa kwa sta-delta (inaanza taratibu kwenye sta, kisha inahamia delta kwa nguvu kamili), nyingine ndogo ni za elevata na feni.

Shida ni hii: umeme unashuka mara moja, taa zinafifia kama kope likipepesa, kisha unarudi. Lakini kontakta (swichi za sumaku zinazopeleka umeme kwenye mota) zimeshaachia, kinu kizima kimya. Mpunga unajaa kwenye elevata, vijana wanauchota kwa mikono ndipo tuwashe tena. Juzi imetokea mara nne kabla ya saa sita mchana. Inaniumiza sana.

Mita ilinasa volti 231 zikishuka hadi 148. Ovalodi (kinga ya mota kuzidiwa na mzigo) haijawahi kutripu na mota hazipati moto, kwa hiyo sioni sababu ya kuipandisha. Nashuku koili za kontakta, ambazo ni za volti 230, na rilei ya fezi (inayokata fezi ikikosekana au volti zikishuka), ambayo nimekuta taima yake ya kuchelewa kukata iko kwenye sekunde 0.1.

Nafikiria kuipeleka rilei kwenye sekunde 2, na saketi ya kontroli, inayolisha koili za kontakta, niilishe kwa UPS ndogo (kifaa cha umeme wa akiba wa betri). Hofu yangu ni kontakta kuendelea kushika umeme ukikatika kabisa, halafu ukirudi mota zote ziondoke pamoja, tena moja kwa moja bila sta, huku mtu ana mkono kwenye mkanda.

Aliyewahi kufanya hivi, uliweka sekunde ngapi? Na UPS uliizuiaje isishikilie kontakta?