Naomba ushauri: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) Kidato cha Tano kwa binti yangu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu kamaliza Kidato cha Nne hapa Wete: Baiolojia A, Kemia B, Jiografia B, Fizikia C ya kubahatisha. Mwenyewe kashikilia PCB maana ndoto yake udaktari, na udaktari bila Fizikia hauendeki. Mjomba wake anasema achukue CBG asije akavuna sifuri. Nimemuuliza mwalimu wake, kanijibu "anachopenda mtoto". Haya, jibu hilo nalipeleka wapi?

Waliosoma PCB na C ya Fizikia, mlimudu vipi, tuisheni ilitosha? Na mwenye CBG, kozi gani za afya zinampokea, hata ngazi ya diploma? Fomu ya kubadilisha tahasusi (mchanganyiko wa masomo) anayo mkononi, anangoja neno langu.