Grupu la ukoo: jina la mtoto

Idrisa: Asalaam aleikum wote. Mama na mtoto wazima alhamdulillah, wametoka hospitali jana. Akika Jumamosi in shaa Allah. Jina tumefikiria Asumini, mimi na Latifa tumekubaliana ila wakubwa tunawasikiliza

Shangazi Rukia: Waleikum salaam mwanangu, hongereni sanaaa. Mie nishalipenda

Ami Salum (Muscat): Hongera baba. Mimi nisiwafiche, Asumini ndo ua lilelile la Jasmine, na siku hizi kila nyumba Jasmin, Yasmin, Jasmine, yote imetoka kwenye ile katuni ya Aladdin. Mjukuu wangu asipewe jina la katuni, majina ya kwetu yapo, Mwanakheri, Zuhura, Salma

Nuru: Shikamoo Ami. Katuni ya juzi tu hiyo, 1992, na kwenye hadithi yenyewe ya zamani binti mfalme anaitwa Badrulbuduri, Disney ndo waliompa la Jasmine. Jina ni la Waajemi, likapita kwa Waarabu likashuka na majahazi mpaka huku, Wazungu wamelipata njia hiyohiyo. Kwahiyo Asumini ni la kwetu kabisa, watu wa pwani wamelibeba miaka na miaka kabla hata TV haijaja

Ami Salum (Muscat): Marahaba. Haya nakusikia

Feisal: Bibi yuko hapa pembeni yangu kasema niandike anavyosema: "Mwambieni Salum kasahau mama yake alivyokuwa akivaa kikuba. Asumini, rihani, ua la mkadi, vinafungwa pamoja unajichomeka kifuani au nyweleni ukienda harusini. Mwanamke akipita kibarazani watu wanajua kapita hata kama hawakumuona"

Ami Salum (Muscat): 😭😭 Mama hapo umenimaliza. Nakumbuka ile harufu asubuhi mtoni zimebaki kwenye foronya

Ami Salum (Muscat): *mtoni = kwenye mto wa kulalia

Shangazi Rukia: Mie nesi nawaambia mapema, famasi kuna vidonge vya uzazi wa mpango vinaitwa Yasmin, msije mkashtuka mtu akimtania mtoto ukubwani

Feisal: Na kwenye kazi zetu za kompyuta Jasmine ni programu ya kujaribia msimbo wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Na mchele je, ule wa Thailand wa jasmine, unanukia kweli asumini??

Nuru: Haunukii asumini, wameuita hivyo kwa weupe wake. Harufu yake ni ileile ya majani ya pandani wanayopikia huko Asia, na pandani ni jamii moja na mkadi. Yaani bibi ukimpikia ule mchele atakwambia mkadi huu

Feisal: Nimemuuliza, kasema yeye anajua toka zamani 😂

Latifa: Nuru mwalimu wetu wa historia hebu tuambie na ile ya Tunisia, mimi nilikuwa shule nakumbuka kwenye taarifa ya habari wanasema mapinduzi ya yasmini, sikuelewa maua yameingiaje

Nuru: Ngoja nikae vizuri. Kule asumini ni mapenzi ya nchi nzima, jioni vijana wanauza vishada vidogo, matumba yamefungwa mojamoja kwenye vijiti kwa uzi, wanaviita mashmumu, wanaume wanachomeka sikioni wanakwenda kukaa mgahawani. Sasa 17 Desemba 2010 yule kijana muuza matunda Mohamed Bouazizi akajichoma moto mji wa Sidi Bouzid baada ya kunyang'anywa bidhaa zake, watu wakaingia barabarani, 14 Januari 2011 Rais Ben Ali akakimbilia Saudia. Vyombo vya habari vya nje wakayaita mapinduzi ya yasmini. Lakini Watunisia wengi hawalipendi jina hilo jamani, wao wanasema mapinduzi ya heshima na utu, watu wamekufa, kijana kajichoma, halafu unawaletea ua! Mimi niko upande wao kabisa, hata darasani nafundisha hivyo

Idrisa: Hii sikuijua

Nuru: Na haikuishia hapo. China wakaogopa yasije yakawafika, mwaka uleule wakalizuia neno asumini kwenye intaneti, masoko mengine ya Beijing wauzaji wakaambiwa wasiuze hata ua lenyewe. Na ndo haohao wimbo wao wa jadi wa ua hilo ulipigwa washindi wakivishwa medali Olimpiki ya 2008

Feisal: Olimpiki tena, Jasmine Camacho-Quinn, mita 100 kuruka viunzi, Tokyo 2021, dhahabu ya kwanza ya riadha ya Puerto Rico. Na yule wa tenisi Jasmine Paolini Muitaliano ambaye babu yake Mghana, 2024 kafika fainali Roland Garros na Wimbledon halafu akachukua dhahabu ya wawili Paris na Errani. Mtoto atakimbia huyu

Ami Salum (Muscat): Mmenikumbusha Yasmin binti wa Prince Aly Khan, mama yake Rita Hayworth yule mcheza sinema, kazaliwa 1949. Babu yake ndo Aga Khan aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam 1946, wazee wetu waliisimulia sana. Huyo Yasmin mama yake alipougua Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, alimuuguza, na maisha yake akayatoa kuchangisha pesa za utafiti wa ugonjwa huo. Jina limekaa kwa mtu wa maana, mimi nimekubali

Shangazi Rukia: Alhamdulillaaah

Ami Salum (Muscat): Sharti moja. Kwenye cheti iandikwe ASUMINI kwa A, msiniandikie Jasmine

Latifa: Ami hilo tulishaamua, Asumini kwa A 🙏🏽

Shangazi Rukia: Sasa maua ya Jumamosi nani anashughulikia? Nataka kila mgeni wa kike apate kikuba

Feisal: Bibi anasema: "Msinunue yaliyokwisha kufunguka. Yachumwe Ijumaa jioni yakiwa matumba, asumini hufunguka usiku, mkichuma asubuhi mmepata makapi. Mtunge usiku huohuo, sindano ipite kwenye kikonyo isipasue ua, kisha mfunike kwa kitambaa kibichi msitie friji"

Nuru: Mimi nakuja Ijumaa baada ya alasiri na sindano zangu. Rihani ninayo uani tele, mkadi ndo sina

Shangazi Rukia: Mkadi niachie mie