Mwaloni wa umbo la nguzo kwenye ukame na baridi kali: upi unafaa?

Kivuli Chembamba
Wakuu, habari zenu. Nina upenyo kati ya ukuta wa nyumba na uzio, upana mita 4 na nusu. Nataka mti wa kuziba dirisha la jirani bila kulalia paa. Baridi hushuka mpaka nyuzi 28 chini ya sifuri, mvua haba, theluji hukaa siku mbili ikayeyuka, kisha unakuja upepo mkavu. Udongo ni mfinyanzi wenye chokaa, pH (kipimo cha asidi) 7.8, yaani hauna asidi. Nimebaki na aina nne: Fastigiata, Crimson Spire, Regal Prince na Kindred Spirit. Nawasilisha.

Mizizi Kwanza
Mkuu, umetanguliza baridi ukaweka udongo mwisho. Mimi ningegeuza. Baridi hiyo zote nne zinaimudu zikishashika ardhi. Chokaa ndiyo itakayokutoa jasho, kwa sababu inafunga madini ya chuma: yamo ardhini ila mizizi haiwezi kuyachukua. Utaona majani yanakuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, na ukidhani ni kiu ukaongeza maji, unazidi kuharibu.

Sasa tazama wazazi. Zote nne zina damu ya Quercus robur, mwaloni wa Ulaya, ambao chokaa ya wastani hauiogopi sana. Fastigiata ni robur mtupu. Crimson Spire ni chotara wa robur na Quercus alba, mwaloni mweupe wa Amerika. Regal Prince na Kindred Spirit ni robur na Quercus bicolor, mwaloni mwingine wa Amerika, na huyo bicolor kwao ni mabondeni kwenye unyevu na udongo wa asidi. Si lazima mtoto arithi udhaifu wa mzazi, lakini kwa pH yako mimi nisingecheza kamari.

Bi Jani
Hapo kwenye bicolor umemwonea. Fastigiata anapatwa sana na ubwiri unga. Kufika mwisho wa kiangazi majani kama yamemwagiwa unga wa ngano. Machotara wa bicolor wana jani gumu linalong'aa na ugonjwa huo hauwasumbui sana. Na asikudanganye mtu kwamba ukame utakulinda, maana ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa. Kwenye upenyo usiopitisha hewa vizuri, ndiyo kwao. Fastigiata mfute.

Mizizi Kwanza
Kwa Fastigiata nakubali, dada. Tena wengine huoteshwa kwa mbegu na hawatoki wote wembamba. Mti mama wenyewe uko Harreshausen, Ujerumani, na ukipanda mbegu za mwaloni wa namna hiyo unaweza kupata watoto waliotanuka kama mwaloni mwingine wowote. Anayeutaka adai uliobebeshwa, yaani kipande cha mti mwembamba kilichounganishwa kwenye shina jingine.

Futi Kamba
Mnabishana ukoo, nani kapima nafasi? Regal Prince akikomaa hufika mita 6 hivi kwa upana. Huyo nje. Crimson Spire ni kama mita 4 na nusu, yaani uzeeni atagusa ukuta na uzio kwa pamoja, ila ni miaka mingi kabla hujafika huko. Kindred Spirit ndiye fimbo hasa: urefu mita 10, upana mita 2.

Jingine: Crimson Spire hung'ang'ania majani makavu majira ya baridi. Wengi hulalamika kwamba yanachakarisha usiku kucha, lakini wewe unataka pazia, kwa hiyo kwako ni faida. Hasara ni theluji nzito yenye maji, inayokaa juu ya majani hayo na kufungua matawi.

Mzee wa Ndoo
Mimi nilipoteza mwaloni majira ya pili ya baridi nikailaumu baridi. Nilipong'oa, mizizi ilikuwa imekauka kama kuni. Mti hauna majani lakini mizizi bado inataka unyevu. Siku hizi zikipita wiki tatu au nne bila theluji, nangoja siku isiyopungua nyuzi 4, ardhi haijaganda, namwagilia mchana: lita 15 hivi kwa kila sentimita ya kipenyo cha shina. Matandazo sentimita 8, yasiguse gome.

Na funga shina kitambaa cheupe tangu mwisho wa vuli. Kwa tulio kaskazini mwa ikweta, jua la alasiri hupasha gome upande wa kusini-magharibi, usiku linaganda, linapasuka. Ukishaingia msimu wa kuchipua, fungua. Mimi niliwahi kusahau mpaka mwezi wa saba. Humo ndani wadudu walikuwa wameshahamia na familia.

Kivuli Chembamba
Asanteni sana. Nimeamua Crimson Spire, na sitaupanda katikati. Nausogeza upande wa uzio, paa lipone. Nitapanda baridi ikiisha. Mche uko kwenye chungu, mizizi imezunguka ndani kama kamba. Niiache hivyo nisiujeruhi?

Mizizi Kwanza
Usiiache. Ile inayozunguka ikate kabisa, la sivyo itakuja kulikaba shina. Kisha fukua udongo wa juu wa chungu mpaka uone shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi. Hapo ndipo palingane na uso wa ardhi, si sentimita 10 chini.

Mzee wa Ndoo
Na ndoo uiweke karibu na mlango, utaikumbuka.