Naombeni ushauri: hadithi za kihistoria za kumfundisha mtoto maadili ya Kiyahudi

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mimi Mkenya naishi Marekani, mume wangu Myahudi na watoto tunawalea Kiyahudi. Sasa binti yetu wa miaka 8 namsomea hadithi ya kubuni ya Denmark 1943, ile Oktoba wavuvi walivyowavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Sweden kuwakwepa Wanazi. Juzi tumefika pale msichana anamdanganya askari ili asimtoe rafiki yake, binti akaniuliza mbona mimi mnanikataza uongo? Nikamwambia kuokoa uhai kunatangulia karibu amri zote, akaelewa kiasi.

Ila kinachoniuma, vitabu vingi vya aina hii Myahudi ni wa kufichwa tu, shujaa ni jirani. Wakati rabi Marcus Melchior ndiye aliyewaambia waumini wake sinagogini Copenhagen, siku ya kuamkia Rosh Hashana (mwaka mpya wa Kiyahudi), waondoke wakajifiche na wawaambie wenzao, na wao wakapashana habari nyumba kwa nyumba. Nataka binti aone na hayo, sio hofu tu.

Je, nimchanganyie historia halisi humo humo au nimwache kwanza amalize hadithi? Na kwa umri huu habari za kambi za mauaji mnaishia wapi?