Ushauri wakuu: Popi kagoma ugali, anabwekea feni, na mvua ikinyesha anakojoa kwenye zulia la jikoni

Baba Popi

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kuhusu Popi. Ni dume, Japanese Spitz, mweupe, miaka 4, amehasiwa, kilo 11. Tuko Tabata, nyumba ina ua mdogo wa majani. Chanjo zote anazo, ya kichaa cha mbwa anachomwa kila mwaka. Shida ni tatu.

Kwanza chakula. Ugali hataki. Ukimchanganyia na kuku anachambua: anaokota nyama, analamba mchuzi, halafu donge la ugali analisukuma kwa pua mpaka linatoka nje ya bakuli. Akimaliza anakwenda kukaa mbele ya friji. Anatazama mlango wa friji, anamtazama dada, anatazama mlango tena. Akilishwa kwa mkono anakula, ugali ule ule, ila mkono wenyewe uwe wa dada.

Pili feni. Saa nane mchana anajilaza mbele yake. Ukiiweka izunguke anabweka kila inapompita. Ikienda kwa bibi kelele, ikirudi kwake kimya.

Tatu mvua. Hakanyagi majani mabichi. Anasimama kibarazani, ananyoosha mguu mmoja, anagusa jani, anaurudisha na kuukung'uta. Kisha anaingia ndani na kukojoa kwenye zulia la jikoni, kona ile ile ya karibu na mtungi wa gesi.

Nampenda sana, kumpiga au kumfungia nje sitaki. Naomba hatua za kufuata.

Daktari wa Zizi

Mkuu, kabla ya kusema kadeka, hakikisha si mgonjwa. Mbwa mwenye jino bovu naye huacha chakula kigumu na kuchagua laini, na mtu wa nyumbani hawezi kutofautisha.

Inua mdomo wa juu pembeni uangalie magego. Ukiona ugaga wa kahawia, ufizi mwekundu, au pumzi inanuka kama samaki aliyelala, hapo kuna kazi ya daktari. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi ya pinki irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi uliopauka muda wote kwa mbwa wa huku kwetu, wazo la kwanza ni homa ya kupe, kwa hiyo pekua ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, linapimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa kilichopakwa mafuta kidogo.

Hayo yakiwa sawa, rudi kwenye uzito. Mbwa wa aina hii wengi huwa kati ya kilo 5 na 10. Kilo 11 inaonyesha kuna mahali anakula. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, pitisha kidole mgongoni mwa mkono: hapo ndipo mbavu zinapotakiwa kuwa. Zikihisika kama upande wa ndani wa kiganja, chini ya kidole gumba, amenenepa. Mpime tutafute tatizo liko wapi.

Baba Popi

Daktari, asante sana. Ufizi pinki, meno masafi, kupe hakuna. Mbavu ni kama ulivyosema hapo mwisho, chini ya kidole gumba. Nimeuliza nyumbani: bibi anampa andazi moja kila asubuhi akinywa chai, na mtoto anampa maganda ya mkate. Mimi nilikuwa najua hali kitu.

Mama Sufuria

Baba Popi, basi jibu umelipata. Mbwa hana njaa, ndiyo maana anachagua.

Madaktari wa mifugo wana hesabu yao: uzito unaoutaka, kwa kipeo cha 0.75, mara 70. Tuseme unamtaka awe kilo 8, inatoka kama kalori 333 kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha mbwa anayepunguzwa uzito. Andazi la gramu 50 lina kalori karibu 180. Yaani saa moja asubuhi Popi ameshamaliza nusu ya siku yake, halafu mnamletea ugali mnategemea aushangilie.

Pika hivi, kwa siku nzima: nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi wala mfupa gramu 120, ugali gramu 80, boga au karoti ya kuchemsha gramu 60, dagaa wakavu gramu 10 waliolowekwa na kuoshwa mara mbili mchanga na chumvi vitoke. Ganda la yai lisagwe mpaka liwe laini kama unga wa ngano, weka robo kijiko cha chai, maana nyama bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha. Maini gramu 60 kwa wiki nzima, yasizidi, vitamini A yake ni nyingi. Na umuulize daktari wenu madini ya kuongezea, kwa sababu chakula cha nyumbani peke yake kwa miezi mingi hupungukiwa zinki na vitamini E.

Sasa kwenye kuchambua. Kosa liko kwenye ukubwa wa vipande. Nyama ikiwa vipande na ugali ukiwa madonge, mbwa yeyote atachambua. Ugali wake usiwe wa kukata, uwe laini kama bokoboko. Nyama ichanwe nyuzi nyuzi, halafu ikatwekatwe kwa kisu. Changanya kwa mkono ukiwa bado wa moto mpaka usione ugali uko wapi na kuku yuko wapi. Mimina vijiko 3 vya supu, acha upoe hadi uvuguvugu. Chakula cha kutoka friji hakinukii, na mbwa anakula kwa pua kwanza.

Supu hiyo ni ya maji matupu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Ile supu ya familia yenye viungo vya paketi isifike kwenye bakuli lake. Chokoleti na zabibu kavu pia, mwambieni mtoto.

Bakuli liwekwe dakika 15. Hajala, ondoa, mpaka mlo unaofuata. Milo 2 kwa siku, saa moja na saa kumi na mbili.

Kamba Fupi

Mapishi ya Mama Sufuria nayaunga mkono. Kwenye dakika 15 natofautiana naye kidogo. Popi hajagoma chakula tu, amefundishwa kwamba chakula kinatoka mkononi. Ukimwondolea bakuli na mkono siku moja atasusa, na nyumba ile yenye bibi mwenye huruma haitamaliza saa 20. Mtu atampa kipande. Hapo atakuwa amejifunza kwamba kususa kwa saa 20 kunalipa, na safari ijayo atasusa kwa 24. Zawadi inayokuja mara moja moja ndiyo inayoshikilia tabia kwa nguvu kuliko inayokuja kila siku.

Anza na mkono, uutoe polepole. Siku ya 1 hadi ya 3 dada aweke chakula kiganjani, kiganja kiwe ndani ya bakuli. Siku ya 4 hadi ya 6 nusu ya chakula ibaki bakulini, mkono ukiwa juu yake. Siku ya 7 hadi ya 9 chakula chote bakulini, vidole vishike ukingo tu. Siku ya 10 asimame hatua moja nyuma. Akikataa hatua yoyote, rudi ile ya nyuma kwa mlo mmoja, usirudi mwanzo. Baba Popi nawe ukae pembeni ya dada tangu siku ya 1, kuanzia ya 5 mkono uwe wako, la sivyo dada akienda likizo mtalia.

Zile dakika 15 zianze baada ya siku ya 10. Mbwa mzima aliyekomaa akiruka mlo mmoja hakuna neno. Ikipita siku nzima bila kula, au akinyong'onyea, mpeleke kwa daktari.

Mbele ya friji: akikaa pale, friji isifunguliwe. Ikibidi kufunguliwa, kisitoke hata kipande chake, wiki 3 mfululizo.

Mkaa Kibaraza

Nikiwa Mombasa joto nalijua, niseme kuhusu feni.

Angalieni linavyokwenda. Feni inampita, anabweka, feni inarudi. Kwake yeye ni yeye ndiye aliyeiita, na haijawahi kumkatalia hata siku moja, maana inazunguka yenyewe! Hamtaweza kumnyamazisha feni ikiendelea kuzunguka.

Zimeni mzunguko. Iwe imesimama, imeelekezwa kwa bibi. Akibweka, bibi azime kabisa, bila kumtazama wala kumkemea. Akinyamaza sekunde 3, iwashwe. Kesho yake sekunde 5, halafu 10, halafu 20. Siku mbili za kwanza atabweka zaidi ya kawaida, hiyo ni dalili kwamba anajaribu kitufe ambacho zamani kilifanya kazi. Mkishindwa hapo, mmemwongezea sauti.

Na jambo la pili, feni peke yake haimpoozi mbwa kama inavyotupooza sisi. Upepo unatupooza kwa kukausha jasho. Mbwa hana jasho la maana zaidi ya lile la nyayo, joto analitoa kwa kuhema, na unyevu wa pwani unapunguza nguvu ya kuhema huko. Mlowesheni tumbo, kwapa na nyayo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kisha feni itafanya kazi. Alale kwenye vigae vitupu. Taulo bichi lisitandikwe mgongoni, linapata joto haraka na kulifungia humo.

Manyoya msimnyoe. Yana matabaka mawili na yanakinga ngozi dhidi ya jua. Mpitisheni chanuo mara 3 kwa wiki, lenye meno marefu, lifike kwenye ngozi, mtoe yale manyoya laini ya chini yaliyokufa.

Baba Popi

Mkaa Kibaraza, nimezima mzunguko sasa hivi. Amebweka mara 6, ameitazama, amehamia kwenye vigae. Bado mvua wakuu, wiki hii inanyesha kila jioni. Zulia nimeliosha kwa blichi mara mbili na bado anarudi pale pale.

Kamba Fupi

Blichi acha. Pua yako inasikia blichi, pua ya Popi inasikia mkojo uliobaki chini yake. Tena blichi ikikutana na mkojo inatoa hewa kali isiyofaa kuvutwa.

Zulia lisuuzwe kwanza kwa maji mengi mpaka harufu ya blichi iishe. Kisha chukua sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kijiko 1 cha chakula kwa lita 1 ya maji vuguvugu, maji yasiwe ya moto kwa sababu moto unaviua vimeng'enya. Lowesha zulia na sakafu chini yake, acha dakika 20, suuza, anika juani. Sakafu pangusa tena kwa siki na maji, nusu kwa nusu. Kisha zulia lisirudi pale kwa mwezi mzima. Ulaini wa zulia unamvuta sawasawa na harufu.

Nje, mpe choo kikavu. Chini ya upenu, tengeneza fremu ya mbao mita 1 kwa mita 1, jaza mchanga kina cha sentimita 10. Kwa kuwa ni dume anayeinua mguu, katikati simamisha tofali au kipande cha nguzo cha sentimita 40, bila hicho atanusa mchanga na kurudi ndani. Kitambaa ulichopangusia mkojo wake kikandamize chini ya tofali.

Mpeleke kwa kamba fupi, akiamka, dakika 10 baada ya kula, na kabla ya kulala. Simama kimya. Akianza, sema neno moja tu, liwe lile lile kila siku. Akimaliza, kipande cha kuku ukubwa wa punje ya hindi, ndani ya sekunde 2. Ukisubiri mpaka mfike mlangoni, atakuwa amelipwa kwa kuingia ndani.

Akizoea mchanga, sogeza fremu sentimita 30 kuelekea kwenye majani kila baada ya siku 3. Siku ya jua mwagia majani ya ukingoni kikombe 1 cha maji umlipe akikanyaga, kesho vikombe 2, kisha ndoo. Akirudi ndani mkaushe katikati ya vidole, unyevu pale unaleta muwasho na ataanza kujilamba.

Daktari wa Zizi

Niongeze hapo: akianza kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, au mkojo una damu, hilo si la mvua. Mwone daktari siku hiyo hiyo.

Baba Popi

Nawashukuru sana. Limebaki la bibi. Kumkataza asimpe Popi chochote siwezi, huo ndio urafiki wao wa asubuhi.

Mama Sufuria

Wala usimkataze. Kwenye zile gramu 120 za kuku, toa gramu 20 asubuhi, zikatekate vipande 25, weka kwenye kikopo chenye kifuniko juu ya meza ya bibi. Ni kalori kama 33, ndiyo ile sehemu ya kumi ya siku inayoruhusiwa kwa vitu vya kumpendeza. Kikopo ni cha nyumba nzima: bibi, mtoto, dada, na Kamba Fupi na mchanga wake. Kikiisha kimeisha mpaka kesho. Bibi anywe chai yake, andazi ale yeye, Popi apewe kipande kimoja kimoja kutoka kikoponi.

Jumapili asubuhi kabla hajala mpime: panda mzani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Ashuke kati ya gramu 110 na 220 kwa wiki. Akishuka zaidi ya hapo ongeza ugali gramu 20. Asiposhuka wiki 2, kahesabu maandazi.