Rejuleta ya taa za dashibodi inapata moto injini ikiwaka

Swali
Ndugu wataalamu, nimefunga ukanda wa taa za LED chini ya dashibodi, unaoongozwa na kidhibiti cha volti 5 kinachopata umeme kupitia rejuleta ya 7805, yaani kipande kinachoshusha umeme wa gari hadi volti 5. Injini ikiwaka, rejuleta hiyo haigusiki kwa joto. Je, kasoro ni ya gari au ya saketi yangu?

Jibu la 1
Gari lako ni zima. Altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inapochaji betri, umeme hupanda hadi karibu volti 14.4, na 7805 hugeuza ziada yote kuwa joto: kwa mkondo wa ampea 0.5, volti 9.4 zinazopotea ni takriban wati 4.7, ambazo kipande kile hakiwezi kuzihimili bila bamba la kupozea. Tumia kigeuzi cha kushusha volti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi (buck converter), tena kinachovumilia volti 40 au zaidi, kwa kuwa umeme wa gari hurukaruka.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila naomba sana usisahau fyuzi, nayo ikae karibu na chanzo cha umeme, kwani kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Waya wenye vifuniko vya manjano usiuguse kabisa. Mara nyingi ni wa mifuko ya hewa.

Muulizaji
Nashukuru. Je, nifanyeje kuhusu mwanga unaoakisiwa kwenye kioo cha mbele usiku?

Jibu la 1
Elekeza ukanda sakafuni, kisha upunguze mwanga kwa kidhibiti chako kupitia mosfeti, yaani transista inayotumika kama swichi ya umeme.